Spika na Sauti za Siyo

Kila siku akitoka shule, msichana aliyeitwa Kipaza kwa sababu ya sauti yake kubwa alimsaidia shangazi yake kupiga pasi sare. Shangazi alikuwa mpambe wa Bunge. Ndiye aliyebeba siwa, rungu la heshima linalowekwa mezani kikao kinapoanza. Kipaza naye alikuwa Spika wa bunge la shule, ambako siwa yao ilikuwa mwiko uliopakwa rangi ya njano.

"Haya, mheshimiwa Spika," shangazi alimtania siku moja, "leo mmetunga sheria gani?"

"Muswada wa Uwanja umepita! Saa ya mapumziko uwanja ni wa madarasa makubwa. Wadogo wakacheze nyuma ya vyoo. Kesho mwalimu mkuu anatia saini."

"Si mlikuwa mnausoma leo kwa mara ya kwanza?"

"Tumeusoma mara zote leo leo, Shangazi. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Shangazi alicheka huku akigeuza kola. "Na haraka haraka haina baraka. Kwetu, muswada ukisomwa mara ya kwanza haujadiliwi. Unakwenda kwenye kamati, na kamati inawasikiliza watu watakaoguswa na sheria hiyo. Ndipo unarudi ukumbini, unajadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu na kurekebishwa, halafu unapigiwa kura. Hata hapo si sheria mpaka rais atie saini. Je, wadogo wenu mliwasikiliza?"

"Walisema siyo," Kipaza alijibu, macho kwenye pasi.

"Kwa sauti gani?"

Kipaza alikumbuka vizuri. Ndiyo ilitoka nyembamba, ya wenzake wa timu ya mpira tu. Siyo ilitikisa madirisha. Punje, msichana wa darasa la tatu, mbunge mdogo kuliko wote, alipanda juu ya benchi ili aitamke vizuri. Lakini Kipaza aligonga meza na kutangaza, "Waliosema ndiyo wameshinda!"

Jioni, kabla ya chakula, shangazi aliomba, "Ee Mungu, utubariki, utupe masikio ya kusikia hata tusilolipenda."

Kipaza alifungua kinywa aseme amina. Haikutoka. Yeye, Kipaza!

"Shangazi, waliosema siyo walikuwa wengi. Niliwasikia."

Shangazi hakufoka. "Mwalimu mkuu hajatia saini bado. Unaogopa nini?"

"Wataninyang'anya uspika. Na timu nzima itaninunia."

"Huenda." Akamsogezea sahani. "Kula, mwanangu. Kesho uwahi."

Asubuhi alimkuta mwalimu mkuu ameshika kalamu.

"Shikamoo, mwalimu. Tafadhali usitie saini. Nilitangaza uongo."

Mwalimu mkuu alimsikiliza, akafunga kalamu. "Marahaba. Basi kawaambie wao."

Mwiko uliwekwa mezani, na Kipaza akaungama mbele ya wote.

"Msaliti!" alisema mshambuliaji wa timu. "Aondolewe kitini!"

Punje akapanda benchi lake. "Mheshimiwa Spika, kwanza tuhesabiwe kwa kusimama!"

Walihesabiwa, na muswada ukaanguka. Mwingine ukaandikwa, ukapelekwa kwenye kamati, na safari hii wadogo waliitwa. Walieleza kwamba nyuma ya vyoo kuna vipande vya chupa, na mmoja wao akaonyesha kovu la mguuni. Mshambuliaji mwenyewe ndiye aliyependekeza uwanja ugawanywe, wadogo wapate upande wa lango la shule. Muswada ulipita, na mwalimu mkuu akatia saini.

"Na Spika je?" mtu aliuliza.

"Abaki," alisema Punje. "Sasa tunajua anasikia."

Jioni hiyo shangazi alisikiliza habari yote bila kuacha kazi yake. "Kiti cha Spika hakimtaki mwenye sauti kubwa, mwanangu," alisema. "Kinamtaka mkweli, atakayetangaza alichosikia hata kama si alichotamani. Sheria iliyozaliwa na uongo haimlindi mtu. Mshukuru Mungu uliwahi."

"Amina," Kipaza alisema kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia dirishani.

"Haya, mheshimiwa," shangazi alicheka, "pasi inapoa."