Mwanaume Aitwaye Dienesi

Jirani wa chumba cha tatu, ambaye jengo zima linamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, ndiye aliyeanza kuisimulia. Kwa maneno yake, mke wa Fundi amefumaniwa, na mwanaume mwenyewe anaitwa Dienesi.

“Nimesikia kwa masikio yangu haya,” alisema pale kwenye ngazi, beseni la nguo kiunoni. “Fundi anamwambia, ‘Dienesi ameniambia kila kitu. Kila mahali ulipokwenda, Dienesi anapajua.’ Na mwanamke kimya. Ungekuwa wewe huna hatia, ungenyamaza?”

“Huyo Dienesi ni mtu wa wapi?”

“Nitajuaje? Lakini jina lenyewe tu ni la mtu mwenye gari.”

Kabla jua halijazama Dienesi alikuwa mrefu, mtanashati, anavaa saa ya dhahabu, na godoro la Fundi lilikuwa limerushwa dirishani. Godoro halikurushwa. Wala mwanaume hakuwepo. Ila kwenye kunyamaza, hapo Redio hakuongeza chumvi. Mwanamke alinyamaza kweli.

Fundi kazi yake ni kuwafungia watu mtandao majumbani, kutwa yuko juu ya nguzo na nyaya begani. Mkewe ni msusi, ana kisaluni chake pale chini ya jengo, viti viwili na kioo kimoja. Wateja wanataka kuona mtindo kwenye simu kabla hawajakaa, na mtandao wa mule ndani ulikuwa wa kobe mgonjwa.

“Mume wangu ni fundi wa mtandao,” Msusi alimwambia siku moja, “na mimi nasubiri picha ya misuko mpaka mteja anasinzia kitini. Kweli kinyozi hajinyoi.”

Fundi alicheka, akaichukua simu ya mkewe.

“Nakuwekea DNS nyingine. Ya bure.”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Simu yako ni kama mgeni mjini. Kila ukitaka kufungua ukurasa, inauliza njia kwanza: fulani anakaa wapi? Anayeulizwa ndiye DNS. Huyu unayemtumia ni mzito, mpaka akune kichwa. Ninayekuwekea ni mwepesi.”

“Na hadai kitu?”

“Bure kabisa.”

“Sasa anakula nini?”

“Wewe nawe,” alisema Fundi, akamrudishia simu. “Nimeiweka ndani ya simu yenyewe. Popote utakapokwenda, inakwenda nayo.”

Simu ikawa mbio kama imekunywa dawa. Msusi akamsifia mumewe kwa wateja. Kitu ambacho Fundi hakumwambia, pengine kwa sababu mwanzoni hata yeye hakukijali, ni kwamba huduma ile aliifungua kwa jina lake, na kwamba ina sehemu inayoonyesha kila njia iliyoulizwa, na ni simu ipi iliyouliza. Ya mke na ya mume, zote mle mle.

Siku ya tukio alirudi mchana, akaegemeza ngazi yake ukutani na kumwita mkewe juu.

“Kaa.”

“Nimemwacha mteja nusu kichwa.”

“Unatafuta mchumba?”

Msusi alidhani ni utani wao wa kila siku. “Nikimpata nitakuletea, umpime kama anafika kwenye nguzo.”

Fundi hakucheka. Aligeuza simu yake. Majina yamepangana juu chini, na moja limejirudia mpaka linakera macho. Lilikuwa jina la mtandao wa watu wanaotafuta wachumba.

“Hii ni simu yako. Asubuhi imeuliza njia ya huku. Mchana imeuliza. Mimi nikiwa juu ya nguzo, wewe unauliza.”

“Hicho kitu mimi hata sikijui.”

“Hukijui, na umekiuliza hivi?”

“Basi nionyeshe nilichoandika huko.”

“Hayo haionyeshi. Inaonyesha mlango ulipobisha hodi tu. Mliyozungumza ndani unayajua wewe.” Sauti yake ikapanda. “DNS ameniambia kila kitu. Kila mahali ulipokwenda, DNS anapajua.”

Hapo ndipo Msusi alipokosa neno. Mtu akikuambia umeonekana mahali, unasema hapana, nilikuwa kwa fulani, na fulani anaitwa anasema. Sasa hii ni simu yako, iko mkononi mwako kutwa, inasema umekwenda na wewe hukwenda. Utamwita nani?

“Nenda kwa shangazi yako kwanza,” Fundi alisema, hamwangalii. “Nipate kuhema.”

Msusi akashuka. Akamaliza kichwa cha mteja, kwa sababu mteja hana kosa, akafunga mlango, akaenda.

Kwa shangazi, aliyemlea tangu hajaota meno ya pili, alilala kwenye kochi na simu kifuani. Alimwandikia mumewe:

“Mume wangu, naapa sijawahi kwenda huko.”

Jibu likaja: “Hata wanaokwenda huapa.”

“Basi niulize chochote. Nitakujibu.”

Alama mbili zikageuka bluu. Amesoma, basi.

Kesho yake ukaingia ujumbe wa mteja wake wa siku zote: “Dada, samahani, nimesukwa kwingine. Mume wangu kasikia habari za Dienesi, hataki nikanyage kwako.”

Alicheka peke yake mpaka shangazi akaja kumchungulia, akamkuta kicheko kimeshageuka kilio.

“Shangazi, angekuwa mtu ningemfuata. Ningempigia magoti, ningemwambia, kaka, sema ukweli niokoke. Sasa huyu nitampata wapi?”

Shangazi hakuelewa lote, lakini machozi aliyaelewa. Alichukua simu yake, akapiga.

“Baba, njoo nyumbani tuzungumze. Na huyo Dienesi uje naye.”

Fundi alifika peke yake, viatu vina vumbi la kazini.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Mwenzako yuko wapi?”

“Nani?”

“Shahidi wako. Nimechemsha chai ya watu wanne.”

“Shangazi, DNS si mtu. Ni mtambo.”

Shangazi alimtazama mkwe, akamtazama binti yake, akarudi kwa mkwe. “Yaani mmeachana kwa ajili ya mtambo?”

“Hatujaachana.”

“Basi kochi langu limepata mpangaji lini?”

Fundi alikaa. Alimgeukia mkewe, na ilionekana na yeye hajalala vizuri.

“Niambie tu. Mchana ule unafanya nini na simu?”

“Naangalia misuko. Ukurasa ule ule wa siku zote, uliokuwa ukisinzisha wateja.”

“Tangu asubuhi misuko?”

“Nauza nini mimi, mume wangu? Samaki?”

Fundi aliufungua ukurasa ule kwenye simu yake, kwa hasira, kama anayetaka kumshika mtu uongo. Picha za vichwa zikaanza kushuka, na katikati yake matangazo yanarukaruka: sabuni, viatu, mwanamke anayetabasamu ndani ya moyo mwekundu. Hakugusa hata moja. Akarudi kwenye orodha yake ya majina. Akaisogeza simu karibu na macho.

“Vipi?” shangazi aliuliza.

“Imeuliza na yangu.”

“Imeuliza nini?”

“Jina lile lile la wachumba.” Alirudisha macho kwenye ukurasa wa misuko. “Ni tangazo. Ukifungua misuko, tangazo linaituma simu ikaulize njia ya kwao, hata kama hujaligusa. Na hili nalijua. Kila siku nawaeleza wateja wangu, simu inauliza mengi bila mwenyewe kujua.”

“Kumbe na wewe baba unatafuta mchumba,” alisema shangazi, akimimina chai.

Hakuna aliyecheka. Msusi alikaa akingoja furaha ije. Aliitazamia kama mtu anayetazamia maji bombani, unafungua, unasikia hewa tu.

“Nisamehe, mke wangu. Twende nyumbani. Redio nitampa ukweli mimi mwenyewe.”

“Utamwambia nini? Kwamba Dienesi ni namba za kwenye simu? Atasema umenunuliwa.” Alimwangalia. “Na kama simu yako isingeuliza?”

“Imeuliza.”

“Nasema kama isingeuliza. Ningekuwa nani saa hizi?”

Fundi alizungusha kikombe chake.

“Nilikuandikia uniulize chochote. Ukaona bora umuulize yule.”

“Mtambo hauna sababu ya kudanganya.”

“Na haukudanganya. Umesema kweli tupu, na mimi nimelala kwenye kochi.” Akashusha sauti. “Mengine uliyaona?”

“Yapi?”

“Majina mengine ya simu yangu.”

Fundi alikisogeza kikombe pembeni. “Niliona ya ile shule ya watu wazima.”

Msusi alifumba macho. Aliishia darasa la saba. Alikuwa ameomba nafasi kimyakimya, na kila akipaka mafuta kichwa cha mtu alikuwa akijipangia atakavyomwambia mumewe siku wakimkubali: atakaa vipi, ataanza na neno gani. Kumbe msikilizaji alishasikia.

“Ile ilikuwa habari yangu,” alisema. “Nilitaka itoke mdomoni mwangu.”

Shangazi aliinua sinia, akaenda jikoni bila kuitwa na mtu.

“Ifute,” alisema Msusi.

“Nini?”

“Hiyo huduma yako. Hapa hapa, nikiona.”

“Mtandao utarudi kuwa kobe.”

“Na uwe kobe.”

“Basi nikuwekee nyingine, za bure ziko tele.”

“Na huyo mwingine hataona ninakokwenda?”

“Ataona. Ila yeye hakujui.”

“Afadhali yake. Wewe unanijua, na badala ya kuniuliza unapita dirishani. Ifute.”

“Sitaangalia tena. Nakuahidi, na shangazi anasikia huko jikoni.”

“Sijakuomba usiangalie. Nimekuomba uifute.”

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Alifika mahali palipoandikwa futa, kidole gumba kikasimama juu yake. Msusi akasubiri. Simu yake mwenyewe ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa, lakini bila shaka iliuliza njia ya mahali fulani, kwa sababu juu kabisa ya kioo cha simu ya Fundi mstari mpya uliingia. Jicho la Fundi likaufuata.

“Mume wangu,” alisema Msusi, “nimekuomba.”

Fundi alikuwa bado anasoma.