Begi la Mlangoni

Sokoni Birere, mjini Goma, saa tano asubuhi hapana nafasi ya mtu kusimama, lakini Ismael alisimama katikati ya njia, pikipiki zikimpigia honi na wachuuzi wakimtukana. Alikuwa amekuja kununulia duka lake vipuri. Mbele yake, juu ya pikipiki ya kukodi, akapita mke wake Asma, aliyepaswa kuwa nyumbani akichemsha maharage ya kila Alhamisi. Alikuwa amevaa libaya, ile blauzi yake ya harusi, la kijani lenye maua ya njano, na amekumbatia begi jeusi la mlangoni.

Begi hilo halikuwa limeondoka mlangoni tangu volkano iwakimbize mara ya mwisho. Ndani mlikuwa na hati, nguo mbili na vikombe vya harusi. Ismael alilikagua kila Jumapili. Goma, mtu akilibeba begi la namna hiyo, anakimbia.

Mwenye akili angeuliza kwa upole. Ismael alipiga simu akiwa ameshawaka.

“Asma, unaenda wapi?”

“Bwana Alhamisi!” Asma alicheka. “Ni siri, mupenzi. Nitakuita saa nane.”

“Siri na begi yetu? Nimekuona! Kama unanikimbia, basi usirudi!”

Akakata, akazima simu. Moyoni alikuwa anaogopa. Juzi tu Asma alimwambia, “Nimechoka, Ismael. Siku zote saa ileile, chakula ileile, kiti ileile. Tunaishi kama batu wenye kungojea kukimbia.” Naye alijibu, “Mutu wa akili anajipangaka,” akaendelea kula.

Alikimbilia nyumbani. Jiko lilikuwa baridi na mlangoni hapakuwa na begi. Lakini chumbani alikuta bahasha ya hati juu ya kitanda, na zile nguo mbili pembeni, zimekunjwa vizuri. Vikombe tu ndivyo havikuwepo.

Hakuna mtu wa Goma anayekimbia akaacha hati na kubeba vikombe.

Aliwasha simu. Asma hakupokea mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Mara ya nne akapokea.

“Uko wapi, bibi yangu?”

“Umesema nisirudi.” Sauti ilikuwa ya machozi.

“Nimekosa. Uko wapi?”

“Lac Vert. Maharagi yako inapoa.”

Alimkuta kwenye kilima kilicho juu ya ziwa hilo, ameketi kwenye mkeka, macho mekundu. Mbele yake palikuwa na begi wazi, sufuria iliyotoka ndani yake, na vile vikombe viwili.

“Nilibadirisha tu mahali,” Asma alisema bila kumtazama. “Maharagi ni ileile. Nilitaka siku moja tukule kama batu wenye kubakia. Na wewe, neno ya kwanza ni nisirudi?”

Ismael alichuchumaa, akachota maharage baridi.

“Nisamehe, chérie.”

“Sijakusamehe. Kula.”

Alikula mpaka akakwangua sufuria. Walirudi kwa pikipiki moja, na njiani Asma alimshika kiuno.

Nyumbani, Ismael alirudisha hati na nguo kwenye begi, akaliweka mlangoni. Vikombe vilibaki mikononi mwake. Mazoea yalimvuta kwenye begi. Akavipeleka mezani.

“Na tukikimbia?” Asma aliuliza.

“Tutakunywa na mikono.”

Asma akavisogeza vikombe, akamimina chai.