Mfupa Ndani ya Plastiki

Gervasi ni fundi wa mitumbwi pale Ujiji. Kila asubuhi huenda ufukweni na kuzitikisa mbao alizopigilia jana. Ubao ukicheza, anaung'oa. Ukitulia, anaendelea. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake.

Mwaka huu gogo la mvule lilimwangukia, likavunja mfupa wa paji lake la uso. Madaktari wa Mwanza waliondoa vipande vilivyosagika. Mahali pake waliweka kipande cha plastiki, wakakibana kwa skrubu ndogo.

Gervasi alirudi nyumbani na kovu. Tangu hapo, kila akiamka, alisimama mbele ya kioo na kulikandamiza paji kwa kidole gumba, huku na huku.

"Unafanya nini, baba Winfrida?" mkewe Veneranda aliuliza.

"Napima kazi ya watu. Fundi hamwamini fundi mwenzake."

"Hicho si chombo, ni kichwa!"

"Hata kichwa kikivuja, mwenyewe anazama."

Haikuchukua muda, paji likaanza kuuma na kuvimba. Gervasi akakata shauri. "Kinacheza. Plastiki haishikani na mtu. Narudi Mwanza wakakitoe."

Veneranda aliingiwa na hofu. Kichwa kilekile kipasuliwe tena? Alikwenda kumwita jirani yao Yasmini, muuguzi wa chumba cha upasuaji.

"Shikamoo, Mzee Gervasi."

"Marahaba. Umetumwa kunisuta?"

"Nimekuja kuangalia." Yasmini alinawa mikono, akalitazama paji. Hakukuwa na usaha wala homa. "Kesho tutaenda hospitali wakupige picha, maana uvimbe si wa kukaa nao nyumbani. Lakini hicho kidole kiache leo."

"Kwa nini? Plastiki ni plastiki."

"Hii si kama ya ndoo. Umewahi kukikata kitumbua ukaona ndani? Ni matundu matupu. Na hii ndivyo ilivyo, ila matundu yake ni madogo mno, na yanapitana. Kwanza damu inaingia. Halafu inaota mishipa midogo, inayopeleka chakula na hewa. Kisha chembe hai za mfupa zinatoka pembeni, kwenye mfupa wako mwenyewe. Zinatambaa kwenye kuta za matundu na kujenga mfupa mpya."

"Ndani ya plastiki?"

"Ndani humohumo."

"Nani anaziongoza?"

"Hakuna msimamizi. Zikipata damu, zikagusana na mfupa hai, zikaachwa zitulie, zinajenga. Ukikitikisa kipande, unaikata ile mishipa. Mwili unaacha kujenga mfupa, unaweka nyama ya kovu. Nyama hiyo haishiki kama mfupa."

Gervasi alikitazama kidole chake gumba. Kisha alisema, "Mbao ninazopima zilishakufa. Kumbe mfupa huu uko hai."

Kesho yake picha ilionyesha kwamba skrubu bado zimeshika. Daktari, jina lake Erick, alisema uvimbe ulitokana na kule kukandamiza. Alimkataza kugusa paji, kubeba mizigo mizito na kuvuta sigara, kwa sababu moshi wa tumbaku hubana mishipa ya damu.

Kutii kulikuwa kazi. Mkono ulipanda wenyewe. "Kidole!" Veneranda alifoka kutoka jikoni, hata bila kugeuka. Baada ya muda mkono ukazoea kukaa chini, na uvimbe ukaisha.

Miezi ikapita. Wakarudi wote wawili kwa picha nyingine. Daktari Erick aliwaonyesha kwenye kompyuta.

"Mfupa unaonekana mweupe. Plastiki ni hii sehemu nyeusi. Sasa tazameni ukingo wake."

Walisogea. Ukingo haukuwa mweusi tena. Weupe ulikuwa umeingia kutoka kila upande, kama ukungu unavyoingia bondeni.

"Utafika katikati?" Veneranda aliuliza.

"Pengine, pengine usifike. Si lazima. Pembeni umeshashika, na kipande hakichezi. Mzee, mwezi ujao unaweza kurudi kazini."

Gervasi hakusikia habari ya kazi. Alikuwa bado anautazama ule weupe.

"Usiku pia ulikuwa unajengwa?" aliuliza.

"Usiku na mchana."

"Hata alipokuwa anakoroma?" Veneranda alidakia.

"Hata hapo, mama."

Gervasi alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Na mimi," alisema, "nilikuwa nimelala tu."