Uvimbe Uliorudi Kimya Kimya

Kila asubuhi kabla ya shule, Sorin alipanga mezani bakuli za wali na supu, naye mama yake, Misuk, alizima jiko wakaketi kula. Siku hiyo mama alinyoosha mkono kuchukua kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, akaipiga kumbo bakuli ya supu. Yote ikamwagika.

“Mama! Si iko hapo kando yako?”

“Wewe nawe, unaweka vitu pembeni kama unanitega!” mama alijibu akicheka.

Sorin hakucheka. Jana yake mama alikuwa amejigonga bega mlangoni, mlango aliouzoea miaka yote.

Zamani kidogo, Misuk alipasuliwa kupitia puani, akatolewa uvimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Daktari alimwonya kwamba kipande kilibaki, hivyo apigwe picha ya kichwa kila mwaka. Mwanzoni alikwenda. Baadaye mavuno ya tufaha yalimbana, na kwa kuwa hakuumwa popote, akaacha.

“Twende hospitali mjini Daegu, mama.”

“Tukimaliza kuchuma. Na bibi yako asisikie, sawa? Ataanza kulia bure.”

Sorin akaahidi kunyamaza.

Wiki hiyohiyo mama alikuwa akigeuza gari la mizigo shambani. Bibi alikuwa juu ya ngazi, upande wa kulia, akichuma.

“Simama! We Misuk, simama!” bibi alipiga kelele.

Mama hakumwona. Gari liligonga ngazi, bibi akaanguka na kuvunjika mkono.

Hospitalini, Sorin alimweleza daktari kila kitu huku akilia. Mama akapigwa picha siku hiyo.

“Uvimbe umerudi,” Daktari Bae alisema akiitazama picha. “Uvimbe wa aina hii hautoi homoni, kwa hiyo haujitangazi. Hukua polepole hadi ubane mishipa ya macho.”

“Ukiutoa nitaona kama zamani?”

“Tutatoa tunachoweza, kinachobaki tutakichoma kwa mionzi. Lakini macho yamebanwa muda mrefu, dada yangu. Siwezi kukudanganya.”

Walimpasua. Uvimbe ukapungua, macho yasipone. Misuk akawa anaona mbele tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Gari likauzwa. Msimu uliofuata, jirani ndiye aliyechuma matufaha yao.

Jioni moja Sorin alikuwa akimmenyea bibi viazi, maana mkono wake haukukunjika tena vizuri.

“Bibi, ningesema mapema, mama angeona?”

Bibi alimsogezea kiazi kingine.

“Huenda. Lakini mama yako ni mtu mzima, alijua alichoambiwa. Mzigo huo usiubebe wewe.”

“Uvimbe utarudi tena?”

“Daktari anasema unaweza. Ndiyo maana tutakwenda kila tukiitwa, mavuno yaoze yakitaka. Kutoumwa si kupona, mjukuu wangu. Na ukiambiwa ufiche ugonjwa wa mtu unayempenda, usikubali. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

Chumbani, mama alikuwa akipapasa ukutani, akitafuta swichi ya taa. Sorin aliweka kisu chini, akaenda kumshika mkono.