Shemeji Alimlisha Mbwa Wangu Ukungu

Nina miaka hamsini na moja, mkazi wa Buzebazeba hapa Kigoma. Shule niliishia darasa la nne, lakini njooni muione nyumba yangu! Nilianza na ndoo moja ya dagaa kichwani. Leo chanja zangu za kuanikia dagaa pale ufukweni hazina mpinzani, na hakuna aliyenishika mkono.

Naandika nikiwa na hasira. Nacheka na watu, lakini ndani nawaka...

Mbwa wangu aliitwa Komando. Vibaka waliponivamia na mapanga, vibarua wangu walitawanyika kama kuku. Komando hakukimbia. Alikatwa sikio kwa ajili yangu! Mtu kama huyo utamlipa nini?

Basi nikaacha kumpa ugali na vichwa vya samaki wa migebuka, nikawa namnunulia chakula cha kiwandani. Majirani wakanicheka: "Mzee, mbwa wako anakula kuliko mkweo!" Nikawajibu, kwani mkwe ananilindia nini?

Muuzaji alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alishuka kutoka Kalinzi na shati moja. Duka la vyakula vya mifugo nilimfungulia mimi! Ningenunua kwa nani mwingine?

Siku moja akaacha kuniuzia mfuko wa kiwanda, akanipimia kwenye kiroba kisicho na maandishi. Chakula kilikuwa na vumbi jeupe. Nikamuuliza.

"Shemeji, hayo ni maziwa ya unga. Yameongezwa."

Maziwa! Paka wetu alinusa, akakwangua sakafu kama anafukia kinyesi, akaenda zake. Komando alikula, kwa sababu nilimpa mimi...

Akaanza kutapika. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, fizi zikawa za njano. Daktari wa mifugo alinusa kile kiroba, akatikisa kichwa. Akasema chakula kimeota ukungu, kina sumukuvu, na ini limeshaharibika. Alimtundikia dripu, akamchoma sindano. Wapi! Komando alikufa kichwa chake kikiwa juu ya kandambili yangu. Mwanaume mzima nililia mbele ya wanangu!

Nilipofika ufukweni nikasimulia kifo chake, mama mmoja anayenianikia dagaa akanishangaa. "Mzee, kwani hukujua? Ile mifuko ya chakula cha mbwa ililowa mvua stoo kwa shemeji yako. Ulipokwenda Ujiji msibani, alikuja kuianika hapa hapa, kwenye chanja zako!"

Kwenye chanja zangu! Nilikwenda dukani miguu haigusi chini.

Hata hakukana. "Shemeji, si ndivyo tunavyofanya dagaa wakinyeshewa? Jua linamaliza kila kitu."

Jua! Dagaa aliyenyeshewa anageuzwa siku ile ile, akiota ukungu anatupwa. Jua linakausha, haliondoi sumu! Nikamuuliza, mbwa wako anakula nini? Akasema, ugali. Mbwa wake anakula ugali, jamani! Alijua!

Kisha akathubutu kuniambia: "Mbwa ni mbwa tu, shemeji. Nitakuletea mwingine kutoka Kalinzi."

Nilimtoa nje kwa ukosi wa shati, nikafunga duka kwa kufuli langu. Mke wangu amenuna mpaka leo, eti nimemtupa ndugu yake kwa sababu ya mnyama. Hapana! Nimemtupa kwa sababu aliniangalia usoni, akanikabidhi sumu, halafu akaniuliza watoto hawajambo.

Wasomaji wenzangu, msinunue chakula cha mbwa wala paka cha kupimiwa kwenye kiroba! Dai mfuko wa kiwanda ambao haujafunguliwa wala kushonwa upya. Soma tarehe ya mwisho, soma kimetengenezwa na nini, na kama hujui kusoma muite mwanao. Cha paka mpe paka, cha mbwa mpe mbwa. Ukiona vumbi, unyevu au harufu ya uvundo, tupa, hata kama anayekuuzia mmekula naye sahani moja. Mnyama hawezi kukuuliza umekitoa wapi. Atakula tu, kwa sababu ni wewe uliyempa.