Ngozi Mbichi Kwenye Kifyatulio

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha tembe moja, Kizota. Reli ya Mjerumani ilikuwa na miaka mitatu Dodoma.

Mazengo alichora zizi kwa majivu sakafuni.

"Ng'ombe wa kodi wako hapa. Treni yao saa nane. Saa sita askari wanakula, langoni wanabaki wawili. Hassani, unasimama mbele na bunduki. Piga juu mara tatu mfululizo. Hiyo inajikoki yenyewe. Watadhani tuko kumi. Yoramu anafungua lango, mimi naswaga."

Wakamgeukia Halfani, kaka yake Hassani. Aliwahi kutengeneza bunduki za boma, mpaka alipochapwa viboko hamsa-ishirini kwa kuchelewa.

"Fundi, imepona?"

"Vibano vya pini za kifyatulio vilikuwa vimelegea. Ukipiga, pini zinachomoka. Nimevikaza kwa ngozi mbichi, imekauka juani siku mbili. Inashika. Ila isiguswe na maji. Ikilowa tu, basi."

Hassani alicheka. "Maji, kaka? Dodoma hii?"

Halfani hakucheka. Njaa ilishawachukua ndugu zao wawili. Alibaki huyu mcheshi, na jambazi asiye na hofu huzikwa mapema.

Saa nne. Hassani aliizungushia bunduki mkeka, akaenda kumuaga mama yao, Bi Tabu. Mtu haendi kwenye hatari bila radhi ya mzazi. Nani angemkataza?

Saa sita kasoro robo. Kichakani, nyuma ya zizi. Hassani alifika akinukia marashi.

"Harufu gani hiyo?" Halfani aliuliza.

"Mama kaniandikishia kombe kwa mwalimu, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji ya marashi. Nusu nimekunywa. Nusu kaioshea bunduki, inirudishe salama."

Halfani aliigusa ngozi. Ilikuwa laini, ya manjano kwa zafarani.

"Mazengo, tuache. Pini hazitakaa."

"Treni haisubiri ngozi. Umeogopa, fundi, au umenunuliwa?"

"Basi nipe niishike mimi."

"Wewe fundi, si mpiganaji. Kaa."

Hassani alimshika bega. "Kaka, yale ni maneno ya Mungu. Yataharibuje kitu?"

Hassani akatoka.

Saa sita kamili. Mlio mmoja. Askari wakalala kifudifudi. Hassani akabonyeza tena. Kimya. Pini ilikuwa mavumbini karibu na kidole chake cha mguu, naye akainama kuiokota. Askari wakainua vichwa. Mazengo akauruka ukuta wa miiba, Yoramu nyuma yake, wala hawakutazama nyuma. Halfani alitaka kukimbilia langoni, akabaki kichakani. Alitazama mdogo wake akipigwa vitako vya bunduki, akauma ngumi mpaka damu ikatoka.

Saa nane kasoro robo. Stesheni. Watu walijipanga kutazama. Hassani alipitishwa, mnyororo shingoni, akapelekwa kwenye behewa la ng'ombe. Kila mtu alijua wa namna hiyo hawarudi. Bi Tabu alikuwa amemshika Halfani mkono, midomo ikisoma dua.

Hassani alipowafikia alisimama.

"Dua ya mama haiharibu kitu," alinong'ona. "Kwa hiyo ni wewe, kaka. Walikupa nini?"

Halfani alimtazama mama yake. Zafarani ilikuwa bado kwenye kucha zake.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe."

Askari alivuta mnyororo. Bi Tabu aliutoa mkono wake mkononi mwa Halfani, akalifuata behewa peke yake.