Sekela, Babu na Nyama Isiyotaka Haraka

Sogeeni, watoto, sogeeni mkae vizuri. Hadithi hii ina mvua, ina sufuria, na ina watu wawili wenye mapengo.

Wa kwanza ni Sekela. Ana miaka sita. Anaishi Tukuyu, kwenye ukungu na baridi, pamoja na Mama, Baba na Babu.

Sekela ana pengo kubwa, hapa mbele! Meno mawili yameng'oka, moja baada ya jingine.

Wa pili ni Babu. Babu hana jino hata moja. La mwisho lilikuwa gego. Daktari alilivuta, likatoka. Po!

Kila asubuhi Sekela alikimbia chumbani kwa Babu.

"Thikamoo, Babu!"

"Marahaba, Thekela!"

Kisha walicheka mpaka wakashika matumbo.

Babu alipenda kukaa mezani kuliko mahali popote. Akila, anasimulia. Akisimulia, anacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Hata vijiko vilitikisika.

Lakini Jumapili moja, Baba alipika nyama.

Baba alikuwa na njaa. Baba alikuwa na haraka. Moto mkubwa, chumvi kidogo, haya, mezani!

Ole! Nyama ilikuwa ngumu. Ngumu kama kandambili.

Baba akatafuna. Mama akatafuna. Sekela akatafuna upande huu, akatafuna upande ule.

Babu akaizungusha nyama mdomoni. Ikaenda huku. Ikaenda kule. Haikukatika.

Ndipo Sekela akaona kitu. Babu aliitoa ile nyama taratibu, akaificha kiganjani, chini ya meza.

"Nimeshiba," alisema Babu.

Lakini sahani yake ilikuwa bado imejaa.

Kesho yake, Babu hakuja mezani.

"Mniletee uji huku huku chumbani," alisema. "Meza ni ya wenye meno."

Akala peke yake, mlango umefungwa. Kesho kutwa, vilevile.

Mezani kukawa kimya. Hakuna aliyesimulia. Hakuna aliyecheka. Vijiko vilikaa tu.

Sekela alikitazama kiti cha Babu. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama," aliuliza, "nyama inaweza kuwa laini kama ndizi mbivu?"

"Inaweza," alisema Mama. "Ila haitaki haraka."

"Inataka nini?"

"Inataka joto na subira."

"Subira ndiyo nini?"

"Ni kungoja bila kununa."

"Mimi naweza!" alisema Sekela. "Nampikia Babu!"

Mama akatabasamu. "Haya, mpishi wangu. Jumamosi tutaona."

Jumamosi ikafika. Mvua nayo ikafika. Pa! Pa! Pa! juu ya bati.

Mama alirudi kutoka buchani na nyama ya ng'ombe yenye mfupa. Baba alileta viazi mviringo, vimejaa udongo mwekundu.

"Nani ataviogesha hivi?" aliuliza Baba.

"Mimi!" Sekela akakunja mikono ya sweta. Akaviogesha viazi ndani ya beseni. Swa, swa, swa! Kimoja kilikuwa na pua. Kimoja kilikuwa na shavu.

Mama akakata vitunguu. Akakata karoti. Akatwanga tangawizi. Du, du, du!

Baba akakata vitunguu vilivyobaki. Machozi yakamtoka, chiririri!

"Baba, usilie," alisema Sekela. "Babu atakula tu."

"Silii," alisema Baba, akivuta kamasi. "Ni hivi vitunguu!"

Mama akaweka sufuria jikoni, juu ya mkaa mwekundu. Mafuta. Vitunguu. Chwaaaa!

Kisha nyama. Kisha nyanya na tangawizi. Kisha maji, viazi, karoti na chumvi.

Sufuria ikachemka. Toko, toko, toko!

Sekela akachuchumaa kando. Akaiambia sufuria:

"Polepole, nyama. Polepole, kiazi.
Hakuna anayewakimbiza."

Baba akachungulia kwenye gunia la mkaa. Akalitikisa. Kacha, kacha.

"Mama Sekela," alisema, "mkaa umekwisha. Umebaki huu kidogo chini. Na mvua hii, nani atatuletea mwingine leo?"

Sekela akashtuka. "Basi nyama itabaki ngumu?"

"Hata," alisema Mama. "Kuna kapu."

Mama akaingia chumbani. Akarudi na kapu kubwa, kubwa hata Sekela angeweza kukaa ndani.

Ndani ya kapu akatandika blanketi zito. Juu ya blanketi akaweka shuka kuukuu. Akaepua sufuria inayochemka, imefunikwa vizuri, akaizamisha katikati. Juu yake akaweka mto.

"Mama, unailaza sufuria?"

"Naifunika isipate baridi. Joto likikosa mlango wa kutokea, litakaa humo humo. Litaipika nyama taratibu mpaka jioni, bila moto."

"Bila moto?"

"Bila moto. Lakini usifunue. Ukifunua, joto litakimbia."

"Sifunui," alisema Sekela.

Akaketi kando ya kapu. Akakunja miguu. Akaanza kungoja.

"Polepole, nyama. Polepole, kiazi.
Hakuna anayewakimbiza."

Mvua ikanyesha. Pa! Pa! Pa!

Sekela akangoja. Akahesabu vidole vyake. Akahesabu vidole vya paka. Akangoja tena.

Kapu lilikuwa kimya. Kimya kabisa.

Je, nyama inapikika kweli? Je, imekuwa laini? Je, kiazi chenye pua kinaendeleaje?

"Naangalia kidogo tu," alinong'ona Sekela. "Kidogo kama ukucha."

Akainua mto. Akainua mfuniko.

Fyuuuuu!

Mvuke ukaruka. Ukapita puani. Ukapita juu ya kichwa. Ukatoka dirishani, ukaenda zake.

Sekela akaudaka kwa mikono miwili. Haudakiki!

Akafunika haraka. Moyo ukamdunda. Du, du, du!

Angenyamaza, nani angejua? Labda paka. Lakini Sekela akamkumbuka Babu na ile nyama kiganjani.

Akakimbia kwa Mama.

"Mama! Joto limekimbia! Nilifunua mimi! Babu atakula nini sasa?"

Machozi yakamtiririka. Haya hayakuwa ya vitunguu.

Mama akampangusa kwa ncha ya khanga. "Umefanya vizuri kusema mapema, mwanangu. Tungechelewa, ingepoa kabisa. Haya, kimbia kwa Baba. Mwambie akung'ute gunia."

Baba akakung'uta gunia. Kacha, kacha. Ukatoka mkaa mdogo mdogo, kiganja kimoja na kingine.

"Utatosha?" aliuliza Sekela.

"Tukiupepea vizuri," alisema Baba.

Baba akawasha. Mama akarudisha sufuria jikoni. Sekela akashika kipepeo cha kupepea mkaa.

Vuu, vuu, vuu! Mkaa ukawa mwekundu.

Vuu, vuu, vuu! Mikono ikachoka.

"Nikupokee?" aliuliza Baba.

"Bado," alisema Sekela. Vuu, vuu, vuu!

Sufuria kimya.

Mkaa ukaanza kuwa majivu. Mdogo, mdogo, mdogo.

Baba akashika kipepeo upande mmoja. Sekela akashika upande wa pili. Wakapepea pamoja. Vuu! Vuu! Vuu!

Na mara...

Toko.

Toko, toko.

Toko, toko, toko!

"Inachemka!" Sekela akaruka. "Mama, inachemka!"

"Kapuni upesi!" alisema Mama. Sufuria ikaingia. Mto ukafuata. Halafu blanketi la pili, la kitanda cha Baba na Mama.

Sekela akavua sweta lake. Akaliweka juu kabisa. Akaizungusha mikono ya sweta kulia na kushoto mwa kapu.

Safari hii hakulitazama kapu. Aligeuka, akaliegemea kwa mgongo.

"Polepole, nyama. Polepole, kiazi.
Hakuna anayewakimbiza."

Mchana ukapita. Baba akashona kifungo. Mama akachambua maharage. Paka akalala juu ya mguu wa Sekela.

Sekela akataka kununa. Akakumbuka. Hakununa.

Mvua ikapungua. Pa... pa... pa... Ikanyamaza.

Ukungu ukashuka mpaka mlangoni. Taa zikawashwa.

"Sasa," alisema Mama.

Wakatoa sweta. Wakatoa blanketi. Wakatoa mto. Mama akainua mfuniko.

Fuuuuu! Mvuke ukajaa sebuleni. Harufu ya tangawizi, ya karoti, ya mchuzi mzito. Hata paka alisimama.

Sekela akachukua kijiko. Akaigusa nyama. Kidogo tu.

Nyama ikaachana na mfupa. Yenyewe!

Sekela akaweka kijiko chini. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango uliofungwa.

Ngo, ngo, ngo. "Hodi, Babu!"

"Karibu, mjukuu wangu. Umeniletea uji?"

"Hakuna uji leo. Kuna nyama na viazi."

Babu akashusha pumzi. "Kuleni nyinyi tu. Nyama ni ya wenye meno."

Sekela akapanua mdomo. Akaonyesha pengo lake lote. "Na mimi, Babu? Na mimi nile uji?"

Babu akatazama pengo. Midomo yake ikacheza.

"Nimeipika mimi na Mama na Baba na kapu," alisema Sekela. "Tangu asubuhi. Nilifunua, joto likakimbia, tukapepea mpaka likarudi. Njoo uonje. Ukishindwa, nami nitakula uji. Hapa hapa, na wewe."

Babu akamtazama mjukuu wake. Mikono ina masizi. Pua ina masizi. Hata sikio lina masizi.

"Tangu asubuhi?" aliuliza taratibu.

"Tangu asubuhi."

Babu akatafuta fimbo yake. Akasimama.

Baba alimvutia kiti. Mama alimpakulia. Nyama, viazi, karoti na mchuzi juu yake.

Babu akachota. Akatia mdomoni. Akafumba macho.

Mama akangoja. Baba akangoja. Sekela akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nyama ikaenda huku. Nyama ikaenda...

Babu akafumbua macho. "Ee! Iko wapi?"

"Nini, Babu?"

"Nyama! Ilikuwa hapa sasa hivi. Nimeibana mara moja tu, imeyeyuka!"

Akachota tena. Ikayeyuka tena. Akabana kiazi kwa ufizi. Kiazi nacho, pwa! Kikawa uji mdomoni.

"Ndaga fijo!" alisema Babu kwa Kinyakyusa. Asante sana! "Ndaga fijo, Thekela! Nani kasema meza ni ya wenye meno?"

"Wewe, Babu!"

"Mimi? Basi nilikuwa na njaa."

Halafu kicheko kikaja. Kwanza tumboni. Kisha mabegani. Kisha mdomoni, mdomo mzima uliokuwa wazi.

Kwa! Kwa! Kwa!

Vijiko vikatikisika. Vikombe vikatikisika. Baba akacheka mpaka akapaliwa. Mama akacheka mpaka akafuta macho.

"Kidogo tena, Babu?"

"Kidogo? Leta mfupa!"

Babu akafyonza mfupa. Fyooo! Sekela akafyonza wake. Fyooo! Baba alikuwa na meno yote, lakini yeye ndiye aliyemaliza wa mwisho.

Babu akaanza kusimulia. Alisimulia habari za ng'ombe aliyekula kofia ya harusi. Sahani zikawa tupu, na hakuna aliyeondoka mezani.

Sekela akapiga miayo. Haaaa. Akapiga mwingine. Haaaaaa.

Baba akambeba mpaka kitandani. Mama akamfuta masizi ya sikio, akamfunika hadi kidevuni.

Nje ukungu ulikuwa mweupe. Ndani kulikuwa na joto.

"Mama," alisema Sekela, macho nusu yamefumba, "tumbo langu limeshalala."

"Limeshalala? Basi lifuate."

Na Sekela akalifuata.